Kutawadha Si Kusali: Juu ya Kumtoa Mraibu Sumu Mwilini

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad:

Usiku mmoja wa mwezi wa Rajabu uliopita, baada ya darsa ya Maghribi, alinifuata mzee mmoja wa mtaa wetu, mtu wa sala tano na mwenye haya nyingi. Alingoja mpaka watu wote wakatoka, kisha akaniambia kwa sauti ya chini: "Shekhe, mwanangu nilimtia chumbani siku kumi. Unga ulimtoka wote mwilini. Nilimwona kwa macho yangu anakula, analala na anasali. Nikachinja mbuzi, nikashukuru. Hazikupita siku ishirini, akarudi kule kule. Sasa niambie: mtu ambaye sumu imekwisha kumtoka, kisha akaiendea mwenyewe kwa miguu yake, huyo si amechagua maangamizo kwa hiari yake? Na mimi baba yake, je, sijatoka katika dhima?"

Maswali haya mawili si ya mzee huyu peke yake. Tangu heroini ilipoanza kuonekana katika miji yetu ya pwani katika miaka ya 1980, na tangu zamani zaidi kwa upande wa pombe, swali hili limekuwa likiulizwa Lamu, Malindi, Mombasa na Kwale, nyuma ya milango iliyofungwa, kwa kuwa watu huona haya kuliuliza barazani. Na kwa sababu huulizwa kwa siri, hujibiwa kwa ujinga. Basi nimeona ni wajibu kulijibu hapa mbele ya wasomaji wetu wote, na nitaanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe, baada ya kueleza kwanza jambo lenyewe lilivyo.

Kutoka sumu mwilini ni nini?

Yatupasa tujue ya kwamba mwili ambao kila siku hutiwa unga hujifanyia mizani mpya. Huacha kazi zake nyingine, ukautegemea ule unga uzifanye. Unga ukikatwa ghafla, mizani huanguka upande wa pili. Baada ya saa 6 mpaka 12 tangu kete ya mwisho, mtu huanza kupiga miayo, hutokwa na machozi na kamasi, hutoka jasho na huku anatetemeka kwa baridi. Kisha mifupa humuuma, tumbo humkata, hutapika na kuharisha, na usingizi humhama. Siku ya pili na ya tatu ndizo kali zaidi. Baina ya siku ya tano na ya kumi, aghalabu maumivu hayo huwa yamekwisha. Hii ndiyo hali ambayo vijana wetu huiita arosto, na kumpitisha mtu katika arosto kwa salama ndiko kumtoa sumu mwilini.

Kwa upande wa unga, arosto ni adhabu kubwa, walakini ni nadra kumuua mtu mzima mwenye afya, madhali anapata maji ya kutosha ya kufidia yale yanayomtoka. Ama pombe, jambo ni kinyume cha vile watu wengi wanavyodhani. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa miaka, akikatiwa ghafla, huanza kutetemeka baada ya saa chache. Katika siku mbili za mwanzo aweza kushikwa na kifafa. Na baina ya siku ya pili na ya nne aweza kupotewa na akili, akaona wadudu na watu wasiokuwapo, mwili ukawaka moto na moyo ukaenda mbio, kisha akafa. Hali kadhalika mwenye kuzoea vidonge vya usingizi, hivi ambavyo mitaani huitwa bugizi: kuviacha kwa mkato mmoja kwaweza kuleta kifafa. Daktari huyajua haya. Humpa mlevi dawa ya kumtuliza kwa kipimo kinachopunguzwa siku hata siku, na humpa vitamini B1 ili kuilinda akili yake. Basi baba anayemfungia mwanawe mlevi chumbani bila ya tabibu, akasema "na ateseke apate adabu", huenda anamfungia na mauti yake. Na Mwenyezi Mungu ametukataza tusijitupe wenyewe katika maangamizo. Sembuse kumtupa mwengine?

Liko jambo la tatu, nalo ndilo watu wasilolijua kabisa. Mwili uliokwisha kutoka sumu husahau ule mazoea wake. Kipimo ambacho kijana alikuwa akikitumia kila siku na kuondoka nacho kwa miguu yake, baada ya siku kumi za kusafika chaweza kumkatia pumzi. Maana yake ni kwamba siku ambazo sisi twadhani amekwisha kuokoka ndizo siku za khatari kubwa zaidi katika uhai wake.

Kosa langu

Yapata miaka kumi na miwili sasa, aliletwa kwangu kijana wa miaka ishirini na mitatu, fundi seremala. Wazazi wake walitaka nasaha. Niliwaambia wamfungie, nami nikawa nikienda asubuhi na usiku nikimsomea Qur'ani. Mwenyezi Mungu alisahilisha. Siku ya nane alitoka akiwa amesafika. Siku ya Ijumaa nilimsimamisha msikitini mbele ya watu, nikasema: "Huyu ndugu yenu amepona." Watu wakaleta takbiri. Mimi nikaenda zangu nyumbani kwa furaha, na moyoni mwangu, Mwenyezi Mungu anisamehe, nilikuwa nimejiona.

Sikumuuliza ana kazi gani ya kufanya kesho. Randa na misumeno yake alikuwa amekwisha kuviuza. Ami yake mwenye karakana alisema: "Na akae kwanza miezi sita tumwangalie." Maskani ya wenzake wa zamani ilikuwa katika njia baina ya nyumba yao na msikiti, basi kila alipokuja kusali aliitwa mara mbili, akija na akirudi. Siku ya kumi na tisa alikutwa katika gofu la nyumba, amekufa, na karatasi ya kete moja tu mkononi mwake. Kete moja, wala si kumi kama alivyozoea zamani.

Niliiosha maiti yake kwa mikono yangu. Nilipokuwa nikimmiminia maji nilikumbuka kuwa nilikwisha kumuosha mara moja akiwa hai, nikadhani yatosha.

Udhu na sala

Kila mmoja wetu ajua ya kwamba udhu ni sharti ya sala, na kwamba hakuna sala bila ya tahara. Lakini tumwone mtu ambaye adhana imeadhiniwa, akaenda birikani, akatawadha udhu mzuri, kisha akarejea barazani akakaa mpaka wakati ukatoka. Je, amesali? Na akiulizwa kesho akhera juu ya sala yake, jibu lake litakuwa "nalitawadha"?

Hivi ndivyo ilivyo kumtoa mtu sumu mwilini. Ni lazima, kwa kuwa mtu aliyelewa hana akili ya kusemezwa, na aliye katika arosto hana masikio ya kusikia. Lakini ni mlango, si nyumba. Wanavyuoni wetu wameeleza ya kwamba toba ina masharti: kuiacha maasi, kujuta kwa yaliyopita, na kuazimia kutoyarudia, na ikiwa kuna haki za watu, kuzirejesha. Tukizitazama sharti hizi moja moja, tutaona ya kwamba kuutoa unga mwilini hutimiza ile ya kwanza tu, na pengine haitimizi ila kwa dhahiri, kwa sababu aliyefungiwa chumbani hakuacha, amezuiliwa. Ama majuto na azma, hayo hayatoki kwa jasho. Kijana aliye katika siku ya tatu analia, nasi twasema "ametubu". La, yule anaumwa. Tusichanganye kilio cha mifupa na kilio cha moyo. Kilio cha moyo huja baadaye, mwili ukitulia na akili ikirudi, na wakati huo ndio hasa ambao sisi huwa tumekwisha kwenda zetu.

Na udhu hutanguka. Ukitanguka, hakuna amwambiaye mtu "umekwisha toka katika dini". Huambiwa "rudi majini". Sisemi ya kwamba kurudia unga ni jambo jepesi kama kutanguka udhu. Ni maasi, na yaweza kuwa mauti. Nasema tu ya kwamba aliyeanguka baada ya kusafika, dawa yake ni kusafishwa tena na kushikwa vizuri zaidi kuliko mara ya kwanza, si kufungiwa mlango wa nyumba na wa msikiti.

Ushahidi wa yaliyotokea

Huenda msomaji akasema: "Haya ni maneno ya mifano; yuko wapi shahidi?" Mashahidi wako, na wa kwanza ni mji wetu wenyewe. Mwishoni mwa 2010 na mwanzoni mwa 2011 unga uliadimika katika pwani ya Kenya. Mamia ya vijana walishikwa na arosto kwa wakati mmoja, na hospitali zikataabika. Ilikuwa kama mji mzima umetiwa katika chumba kimoja ukafungiwa. Lau kutoka sumu ndiko kupona, basi mwaka ule Mombasa ingalikuwa imepona. Kilichotokea ni nini? Wengi walikimbilia pombe, bangi na vidonge, wako walioshika sindano, na unga uliporudi sokoni maskani zikajaa tena.

Na tusidhani haya ni ya kwetu tu. Huko Marekani, serikali yao ilifungua mwaka 1935, katika mji wa Lexington, jimbo la Kentucky, hospitali kubwa yenye mashamba, makhsusi kwa waraibu wa afyuni na heroini. Walitolewa sumu mwilini kwa uangalizi wa madaktari, wakala, wakafanya kazi, wakanenepa, kisha wakarejeshwa makwao. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 1962, juu ya waliorejea mji wa New York, ulionyesha kuwa zaidi ya 90 katika kila 100 waliurudia uraibu wao, na wengi wao katika miezi michache tu.

Sasa tutazame upande wa pili, katika nchi ile ile. Wakati wa vita vya Vietnam askari wengi wa Kimarekani walizoea heroini huko vitani. Kuanzia mwaka 1971 waliamrishwa wapimwe kabla ya kupanda ndege, na aliyekutwa nayo mwilini alizuiliwa mpaka atoke sumu. Watu wakaogopa kwamba nchi itajaa waraibu. Bibi mmoja mtaalamu, Lee Robins, akawafuatia askari hao makwao, na akaona ya kwamba katika wale waliokuwa waraibu vitani, takriban 5 tu katika kila 100 waliurudia uraibu katika mwaka wa kwanza.

Hebu tutafakari. Wote walitolewa sumu. Kwa nini huku warudi zaidi ya 90 na huku 5? Sababu hazikuwa moja, kwani askari wengi hawakuwa waraibu kabla ya kwenda vitani. Lakini iliyo kubwa ni hii: mtu wa Lexington alirejeshwa mtaa ule ule, kwa marafiki wale wale na mlango ule ule wa muuzaji, askari alitolewa katika nchi ya unga akarejeshwa kwa mama yake, kazi yake na mkewe. Haikuwa tofauti ya kuoshwa. Ilikuwa tofauti ya pahali walipopelekwa baada ya kuoshwa.

Wala jambo hili halikuwangojea wataalamu wa Marekani. Imepokewa katika Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim, khabari ya mtu wa kale aliyeua watu tisini na tisa, kisha akaua wa mia, akaja kwa mwanachuoni kuuliza kama ana toba. Mwanachuoni yule hakumjibu "ndiyo" tu akamwacha. Alimwamrisha aitoke nchi yake, kwa kuwa ni nchi ya uovu, aende nchi nyingine waliko watu wanaomwabudu Mwenyezi Mungu, awe pamoja nao. Basi mwanachuoni wa kweli alijua kuwa toba yataka pahali pa kukaa na watu wa kukaa nao. Nami, niliyeisoma hadithi hii mara nyingi na kuisomesha, nilimrudisha yule seremala kwa njia ile ile inayopita maskani.

Kupunguza kidogo kidogo, na suala la methadoni

Wengine wanauliza juu ya dawa ya methadoni, ambayo serikali yetu ilianza kuitoa Nairobi mwezi wa Desemba 2014, na baadaye katika hospitali za pwani, Malindi na Mombasa. Mgonjwa huenda kila siku akanyweshwa kipimo chake mbele ya muuguzi. Dawa hiyo huizuia arosto kwa muda wa siku nzima na zaidi, na kipimo chake kikiwa sawa, mtu hatekwi na ulevi. Aweza kufanya kazi, kusali na kulea watoto wake. Wako wanaokaa nayo miezi, na wako wanaokaa nayo miaka. Watu husema: "Huku si kuacha, ni kubadilisha kilevi kwa kilevi, tena kwa ruhusa ya serikali."

Jibu la suala hili, kwa asili yake, limo katika vitabu vyetu tangu zaidi ya miaka mia nne. Ibn Hajar al-Haytami, imamu wa madhehebu yetu ya Shafi, mwenye kitabu cha Tuhfa, aliyefariki Makka mwaka 974 Hijria, aliulizwa juu ya mtu aliyezoea kula afyuni hata ikawa asipoila ataangamia. Jibu lake, kwa maana yake, ni kuwa yakijulikana hayo kwa yakini, basi ni halali kwake kuila, bali ni wajibu, kama nyamafu kwa aliyedhikika. Lakini ni wajibu juu yake aipunguze kidogo kidogo mpaka tumbo liiache bila ya kuhisi. Na asipofanya hivyo, yeye ni mwenye dhambi. Na mwanachuoni wa Kihanafi, Ibn Abidin wa Damaski, aliinakili fatwa hii katika kitabu chake. Tazama jinsi imamu huyu alivyoshika mizani kwa mikono miwili: hakumwambia "acha leo ufe", wala hakumwambia "endelea, wewe una udhuru".

Atasema msemaji: "Ibn Hajar alisema juu ya atakayekufa kwa kuacha, na wewe umekwisha kukiri kuwa arosto ya unga ni nadra kuua." Nasema: ni kweli, na hapa ndipo kwenye kutazama kwa makini. Mauti ambayo Ibn Hajar aliyaogopa katika kuacha, sisi leo twayaona katika kurudia. Kijana aliyesafishwa mara tatu na kurudia mara tatu, tumejua kwa mazoea kwamba mara ya nne huenda ikawa ni jeneza. Illa ni moja, nayo ni kuhifadhi nafsi. Kwa hivyo naona, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, ya kwamba methadoni kwa mkono wa tabibu, kwa aliyeihitaji, ni dawa ya dharura, na anayeinywa si mlevi bali ni mgonjwa anayejitibu. Asitukanwe, wala asizuiliwe safu ya mbele msikitini.

Lakini maneno haya asiyafanye ngao mnywaji aliye barazani na chupa yake akasema, "Nami napunguza kidogo kidogo kama alivyosema Ibn Hajar." Ni kweli kwamba pombe yenyewe iliharimishwa kwa daraja: kwanza ikabainishwa katika Sura ya al-Baqara kuwa madhara yake ni makubwa kuliko manufaa yake, kisha katika Sura ya an-Nisaa wakakatazwa kuikaribia sala hali ya kuwa wamelewa, kisha katika Sura ya al-Maida ikakatazwa moja kwa moja. Lakini hukumu imekwisha timia, na hakuna leo ajizaye mwenyewe daraja ya kwanza. Daraja ya mgonjwa hushikwa na tabibu, nayo ina kipimo na ina mwangalizi. Ile iliyo mfukoni mwa mlevi mwenyewe haina mwisho.

Na wala tusiwasikilize wanaosema kijana ana jini, wakampeleka kupungwa, wakatoza fedha za mbuzi na ubani, huku siku za kumuokoa zinapita. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kutafuta dawa, na akatujulisha kuwa hakuna maradhi ila yana dawa yake. Qur'ani ni ponyo, nami sijaacha kuwasomea wagonjwa. Lakini niliacha kuifanya kisomo badala ya tabibu, kama vile nisivyokifanya kisomo badala ya maji kwa aliyeshikwa na kiu.

Jibu la maswali mawili

Sasa turejee kwa mzee wetu. Ama swali lake la kwanza, je, mwanawe amerudi kwa hiari yake? Jibu ni ndiyo, na siyo. Ni ndiyo, kwa kuwa ni mtu mzima mwenye akili, na mikono ni yake. Tukimwondolea jukumu lote tumemfanya mnyama, na huko si kumhurumia. Na siyo, kwa kuwa mwili husafika kwa siku kumi, lakini shauku hukaa ndani ya akili miezi na miaka, na huamshwa na jambo dogo: sauti ya rafiki, harufu, uchochoro, fedha mkononi, au huzuni ya usiku mmoja. Mtu huyu ni kama aliyevunjika mguu. Kutembea ni wajibu wake, lakini anayemwondolea mkongojo naye ataulizwa.

Ama swali lake la pili, nilimwambia: "Hapana, mzee wangu, hujatoka katika dhima, wala mimi sijatoka. Kila mmoja wetu ni mchunga, na ataulizwa juu ya alichokichunga." Dhima ya kijana haiwi nyepesi kwa sababu nasi tuna dhima, kila mmoja atabeba yake kamili. Na dhima yetu naiona katika mambo haya:

Kwanza, asitolewe mtu sumu bila ya tabibu, khasa mlevi wa pombe na wa vidonge.

Pili, kabla ya kuanza siku ya kwanza, ijulikane siku ya kumi na moja atalala wapi, ataamka na nani, na atafanya kazi gani. Ikiwa hayo hayajulikani, tumeanza kazi ya nusu.

Tatu, wenye karakana, maduka na vyombo vya bahari wampe kazi aliyesafika, hata ya ujira mdogo, na ikibidi ujira wake ushikwe na mtu amini. Kusema "na akae tumwangalie" ni kumwangalia akifa.

Nne, wazazi wasikimbilie kumwoza wakidhani ndoa ni dawa. Binti wa watu si kitanda cha hospitali.

Tano, maimamu wenzangu wasimtangaze mtu kuwa amepona. Na akianguka, wasimlaani. Imo katika Sahihi ya Bukhari khabari ya sahaba mmoja aliyekuwa akiletwa mara kwa mara kwa sababu ya ulevi na akiadhibiwa. Mtu mmoja akamlaani kwa wingi wa kuletwa kwake. Mtume (S.A.W.) akamkataza kumlaani, na akatoa ushahidi ya kwamba mlevi yule anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Adhabu ilipitishwa, na mapenzi hayakukanushwa. Nani baina yetu aliye mkali wa dini kuliko Mtume?

Na wewe kijana, ikiwa karatasi hii imekufikia huko uliko: usiseme "nimejaribu nikashindwa". Uliyoyajaribu ni kutawadha. Sala hujaianza. Na ukiwa umekwisha kusafika kisha nafsi ikakushinda, usiwe peke yako, wala usirudie kipimo chako cha zamani ukidhani mwili wako ni ule ule. Njoo kwetu hata kama unanuka, na mlango ukikuta umefungwa, ugonge.

Mzee alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema: "Basi nianze tena?" Nikamwambia: "Tuanze tena, na mara hii sitakwenda zangu nyumbani." Tukamtafuta kijana, akapelekwa hospitali, naye kwa ushauri wa daktari akaandikiwa methadoni. Kila asubuhi baba yake humpeleka kwa miguu kabla ya kufungua duka, wala hawapiti njia ya maskani. Huzunguka kwa nyuma, ijapokuwa ni mbali. Adhuhuri kijana hukaa dukani akipima mchele, na fedha huzipokea nduguye. Jana ilikuwa siku ya arubaini na moja. Mtu mmoja aliniuliza baada ya sala: "Shekhe, yule amepona?" Nilimjibu: "Leo alikwenda."

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awarehemu waliokufa katika hali ya unyonge, na atusamehe sisi tuliowaosha kisha tukawaacha. Amin.